Kikohozi Kilichokatwa

Muuguzi wa kliniki, Sista kama tunavyomwita huku, aliniuliza ni akina nani niliokaa nao chumba kimoja tangu nianze kukohoa. Nikamtajia watu wanne. Walikuwa saba. Hao watatu niliowaacha ndio walionifanya nikae chini kuandika, maana kuhusu kifua kikuu chenyewe wapo wanaojua kuliko mimi. Mimi nilikiugua tu, nikapona, na hadi leo kuna nyumba moja mtaa wa Rosettenville ambayo nikifika sijui niweke macho wapi.

Naitwa Hilda. Mama yangu ni mtu wa Morogoro, aliolewa huko na kijana wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, na nchi ilipofunguka akamfuata mumewe Johannesburg. Baba alishafariki. Mama ana duka la ushonaji Yeoville, cherehani mbili na kioo kirefu, nami ndiye msaidizi wake: napiga pasi, nafungua mishono, nasikiliza wateja wakilalamika kwamba nguo imebana, kumbe wao ndio walionenepa.

Lakini kitu nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa kuteleza kwa ski, zile mbao ndefu za kufunga miguuni, juu ya vyuma vya ngazi.

Najua. Hata mama alicheka mara ya kwanza. Watu wakisikia ski hufikiria theluji, na hapa theluji ikianguka huyeyuka kabla hujamaliza kumwita jirani aje aione. Mimi nilijifunzia milimani Lesotho, nilikokwenda misimu miwili ya baridi kuosha vyombo katika hoteli ya wageni wa ski. Jioni wafanyakazi tuliruhusiwa kutumia kilima kidogo, na pale palikuwa na bomba la chuma lililolazwa chini, la kutelezea juu yake. Msimu wa pili wakaniingiza kwenye mashindano. Niliteleza mpaka mwisho wa bomba, majaji watatu wakainua vibao, na vibao vikasema nimekuwa wa pili kutoka mwisho. Haikuniuma sana. Nilishangaa tu kwamba mtu anaweza kuketi kitini na blanketi magotini, akatoa alama kwa kitu ambacho mimi nilikuwa nimekiota wiki nzima. Nikarudi nyumbani na ski kuukuu zilizokuwa zinatupwa, nikaapa sitapewa alama na mtu tena.

Tangu hapo sikuweza kupita ngazi bila kuangalia chuma chake cha kushikia: kimenyooka au kina kona, kinaishia juu ya nini, ukitoka pale utatua wapi. Nilipata mwenzangu mmoja, Mugisho, kinyozi kutoka Bukavu aliyekuwa akipiga video za harusi za Wakongo siku za Jumamosi. Yeye hakuteleza. Alishika kamera. Jumapili asubuhi, ofisi zikiwa zimefungwa, tulikwenda kwenye jengo moja la kusini mwa jiji ambako mlinzi, Mrundi mpole, alituachia tucheze kwa saa mbili. Tulipanga mbao juu ya vyuma vya mafundi rangi kuwa mteremko, tukatandika juu yake zulia la nyasi za plastiki, tukamwaga maji ya sabuni ya vyombo. Napanda juu, nafunga ski, nashuka kama mwizi anayekimbizwa, naruka, natua juu ya chuma kwa ski zote mbili, nateleza mpaka chini. Ile sauti ya ski juu ya chuma siwezi kuieleza. Mugisho alisema ni kama mkasi mkubwa unaokata kitambaa kizuri, na kwa kuwa mimi ni mtoto wa fundi cherehani, nilimwelewa.

Tulikuwa tunatengeneza filamu fupi. Hakuna zawadi wala jaji. Kipande cha sekunde tatu kilitumalizia Jumapili nne. Lakini sheria ilikuwepo, na ilikuwa moja: ukitua, mkono ukagusa chini, hujafanya, unarudi juu. Kamera mara nyingi haikuweza kuuona mkono. Kwa hiyo kila nikitua Mugisho alipaza sauti, "Uligusa?" nami nikajibu kweli. Mara ngapi nilisema "Niligusa" huku magoti yanavuja damu na kipande kizuri kingepita bila mtu kujua! Nilijivunia jambo hilo. Nilijiona mtu mkweli kuliko wote waliokuwa kanisani saa ile.

Kanisani, ndiyo, maana huko ndiko mama alikodhani nipo. Mwanzoni alijua habari za ski. Alizijua kwa njia mbaya: nilikuwa nasugua mshumaa chini ya ski, kisha nauyeyusha kwa pasi ya duka ili ziteleze, na siku moja ile pasi ikaacha doa la nta kwenye gauni la msimamizi wa bibi harusi. Mama alinisema wiki nzima, halafu akanunua pasi nyingine na kunipa ile ya zamani. Lakini mwezi wa nne nilianguka vibaya, nikapiga ubavu kwenye ukingo wa ngazi. Alinikuta ninalia kwa kuvaa blauzi tu. Akanishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, sina mtoto mwingine. Niahidi umeacha."

Nikamwahidi. Jumapili iliyofuata nikamwambia nimejiunga na kwaya Rosettenville.

Kikohozi kilianza wiki chache baadaye. Nilikuwa na jibu tayari: ubavu. Ukivunjika mbavu unakohoa, nani hajui? Nilipolowa jasho usingizini, ni blanketi zito. Nilipokonda, ni mazoezi. Mwezi wa tano na wa sita, baridi ya Johannesburg inayokausha mpaka pua, nilikuwa Rosettenville kila Jumapili mchana, katika chumba kimoja walimoishi Mugisho na mkewe Nabintu na binti yao Furaha, aliyekuwa bado hajatimiza miaka miwili. Tulifunga dirisha kwa sababu ya baridi, tukaliziba kwa blanketi ili tuione vizuri kompyuta. Tulikaa saa nzima, saa mbili, tukikata na kuunga vipande. Furaha alikaa mapajani mwangu. Alipenda kuvuta kamba za koti langu. Nilikohoa juu ya kichwa chake.

"Dada Hilda, hii kikohozi yako iko namna gani?" Mugisho aliniuliza siku moja.

"Mbavu," nikasema.

Nabintu akanichemshia tangawizi.

Mwezi wa saba nilitema damu kwenye sinki la duka, mbele ya mteja aliyekuja kupima sketi. Kesho yake alfajiri mama na mimi tulikuwa kwenye foleni ya kliniki, tumejifunga blanketi moja. Ndani, upande wetu sisi wa vikohozi, madirisha yote yameachwa wazi kwa makusudi, baridi inaingia, na watu thelathini waliofunikwa mablanketi wanatazama sakafu. Hakuna aliyetaka kuonekana pale. Mwanamke mmoja alinitambua kutoka dukani, akageuka kutazama ukuta, nami nikamshukuru moyoni. Kando yangu alikaa bibi kizee mmoja, gogo kama wanavyoitwa huku, mwenye mfuko wa machenza. Alimenya moja, akanipa nusu bila kuuliza jina langu. Nililia kwa ajili ya nusu chenza.

Majibu yalipotoka, Sista alituita mama na mimi pamoja. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, akachukua karatasi.

"Nani mnalala naye? Nani mnafanya kazi naye? Nani unamtembelea, mnakaa muda mrefu?" Akaongeza, nami nilimsikia kwa masikio yangu mawili, "Hasa kama kuna mtoto mdogo. Tukimjua mapema tunampa dawa ya kumkinga. Tusipomjua, eish, watoto wadogo wanaumwa vibaya."

Mama alikuwa ameketi karibu yangu, mkoba umewekwa magotini. Nikamtaja mama. Nikawataja mashangazi wawili wanaokaa chumba cha pili kwetu na fundi anayetusaidia mwisho wa mwezi.

"Na kwaya?" mama akasema. "Sista, anaimba kwaya kila Jumapili."

"Kwaya ni muhimu sana," akasema Sista. "Wanaimba, wanapumua. Wako wangapi?"

Nikasema kwaya inafanyia mazoezi nje, uwanjani, na nina miezi sijakwenda kwa sababu ya ubavu. Nilisema kwa upole, nikitazama kalamu yake.

"Ni hao tu?"

"Ni hao tu."

Hakuna kamera iliyouona mkono wangu.

Nimejaribu kujitetea tangu siku ile, na utetezi wangu hautoshi hata kujaza kikombe. Ningeweza kurudi peke yangu kesho yake. Kila siku kwa majuma nilipita kliniki ile kuchukua dawa na Sista alikuwepo. Nilijiambia Mugisho ana kifua cha farasi. Nilijiambia mtoto alichanjwa alipozaliwa. Nilijua pia kwamba Mugisho, na karatasi zake za ukimbizi zinazoisha kila mara, hatakanyaga kliniki mpaka aitwe kwa jina, maana aliwahi kurudishwa getini. Nilijua hilo na bado nikanyamaza, kwa sababu nilimwogopa mama. Nilikuwa na miaka thelathini na moja.

Wewe uliye katika matibabu sasa huenda ungependa kujua mwili unafanyaje. Siku ya kwanza ya vidonge mkojo hubadilika rangi, unakuwa wa chungwa. Usishtuke kama mimi, niliyepiga kelele chooni mpaka shangazi akagonga mlango. Hata machozi yalinitia doa la chungwa kwenye mto. Tumbo lilinikataa asubuhi, nikajifunza kula kipande cha mkate mkavu kwanza. Suruali zilianza kuniporomoka. Mama alizipunguza kiunoni mara mbili, na kila mara alikunja kitambaa kilichozidi ndani bila kukikata.

"Sikati," alisema, sindano mdomoni. "Utarudi humu."

Ni mama yuleyule aliyeninunulia sahani yangu na kikombe changu, akavitenga, akawaambia wateja nina mafua ya kifua. Alinipenda na aliniogopa, vyote kwa siku moja, na wala simlaumu. Mimi nilimwambia Mugisho kwa simu kwamba ubavu umezidi, daktari amenikataza kutoka. Akasema, "Pole dada, tutangojea." Akanitumia video ya Furaha akijaribu kusimama kwenye ski zangu nilizoziacha kwao.

Mwisho wa mwezi wa tisa nilimaliza vidonge vya awamu ya kwanza, Sista akanipigia makofi, nikaanza kuona njaa. Mwezi wa kumi, mijakaranda ikiwa imechanua, mama alifumua mshono wa kwanza wa suruali. Mwishoni mwa mwezi huo Mugisho alinipigia simu akiwa na sauti ya kukwaruza. Alisema ni vumbi la nywele kazini.

Mwezi wa kumi na moja Furaha alilazwa.

Nilikwenda kumwona. Nilibeba juisi na machenza kama mtu mwema. Wodi ya watoto ilikuwa na picha za wanyama ukutani, na Nabintu alikuwa kwenye benchi la nje, kitenge kimefungwa vibaya, jambo ambalo si kawaida yake. Mtoto alikuwa amekonda, shingo ina uvimbe, homa ya wiki tatu. Madaktari walikuwa wamekwishasema ni nini. Mugisho naye alikuwa ameanzishiwa dawa.

"Wananiuliza kila siku nani alikuwa anakohoa kwa nyumba," Nabintu aliniambia. "Naapa mbele ya Mungu, kwetu hakuna muntu. Baba Furaha alianza nyuma, mutoto alikuwa tayari na homa. Itatoka wapi, dada? Mi nafungaka mulango, nafuaka mashuka. Wananiangalia sawa muntu muchafu."

Nikasema, "Pole sana, mama Furaha."

Hayo tu. Nikamwachia machenza nikaondoka. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo ninaloliota. Siku ile ya Sista nilishtukizwa, lakini pale kwenye benchi nilikuwa na miezi minne ya kujiandaa, na mwanamke aliyenichemshia tangawizi alikuwa anajilaumu kwa dhambi yangu mbele ya macho yangu, nikampa pole.

Nilikaa siku mbili. Siku ya tatu nilimwambia mama kwanza, dukani, asubuhi kabla ya wateja. Nilisema yote: ski, kwaya, Rosettenville, mtoto. Mama alizima cherehani. Akakunja na kukunjua kipimo chake cha utepe.

"Nimewaambia watu unaimba sauti ya pili," alisema mwishowe. "Nimejisifu kanisani." Kisha akavaa viatu. "Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tulivyofundishwa. Wewe umetaka kimuumbue mtoto wa mwenzio. Twende."

Tulianzia kliniki. Sista alisikiliza, akatoa karatasi yangu kwenye faili, akaandika majina matatu chini ya yale manne. Hakunikaripia. Aliuliza majina yanaandikwaje, herufi kwa herufi, nami nikayataja, na kila herufi ilikuwa nzito.

Halafu Rosettenville. Mugisho alikuwa ameketi kitandani, mashavu yameingia. Nabintu alikuwa amerudi kuoga na kuchukua nguo za mtoto. Nilisimama mlangoni nikasema ni mimi. Nilikuwa na kifua kikuu tangu kabla ya mwezi wa saba, niliulizwa majina, nikawaficha. Nilisema pia kwamba Sista aliniambia habari ya watoto wadogo na nilimsikia. Mama alitaka nilizungumzie hilo pia, alinishika kiwiko mpaka nikalisema.

Nabintu alianza kukunja nguo upya zilizokuwa zimekwishakunjwa.

Mugisho hakunitazama. "Mi niliikata ile kikohozi yako," alisema. "Kila kipande. Unakohoa juu ya sauti ya chuma, inaharibu, naikata. Mwezi wa tano, moja moja. Mwezi wa sita nilikuwa nakata mpaka mukono unachoka. Nikajua hii si mbavu. Nikamwambia mama Furaha, huyu dada ako mugonjwa. Akasema, umuulize. Nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukasema mbavu. Nikajiambia, Hilda juu ya mukono hadanganyake. Akigusa anasema. Hawezi kunidanganya juu ya kifua." Ndipo akaniangalia. "Njo maana nikaamini."

Nabintu alichukua mfuko wa nguo, akapita katikati yetu, akaenda hospitali. Mama yangu alimfuata nyuma, akambebea mfuko, na Nabintu akamwachia.

Furaha alikaa wodini mpaka baada ya Krismasi. Alipona. Naandika neno hilo polepole kwa sababu sikustahili kulipata. Alichelewa kuanza kukimbia, na uvimbe uliacha kovu shingoni, dogo, ambalo mgeni hawezi kuliona. Mimi nalitafuta kila nikimwona. Nilimaliza vidonge vyangu mwezi wa kwanza, mvua za alasiri zikipiga bati, na mama akafumua mshono wa pili. Suruali ikanikaa. Mugisho alimaliza mwezi wa tano.

Filamu ilikuwa imebaki kwenye kompyuta yake. Nilidhani ameifuta. Siku moja alinipigia akauliza nataka tuifanyeje, nikamwomba kitu kimoja: arudishe kikohozi. Chote, mahali pake. Akasema vipande alivyovikata alikuwa amevitunza, kama anavyotunza vya harusi, maana huwezi kujua familia itataka nini baadaye.

Ina dakika sita. Tumeionyesha mara moja tu, dukani kwa mama, mlango na madirisha vikiwa wazi. Nateleza juu ya chuma, ile sauti ya mkasi inakuja safi, halafu kikohozi. Chuma, kikohozi. Mwanzoni kiko mbali, kisha kinasogea. Mahali pamoja, baada ya kikohozi kirefu, sauti ya Mugisho inauliza, "Uligusa?" nami nasema, "Hapana, safi!" nikicheka. Ni kweli mkono haukugusa. Nabintu alitazama mpaka mwisho, Furaha amemlalia begani, akaondoka bila kuaga.

Kama karatasi ya majina iko mbele yako sasa hivi, na kuna jina ambalo likitoka litakuvunjia nyumba, litaje. Nyumba yangu haikuvunjika. Mama alinikasirikia miezi mitatu, sasa huuliza Jumapili, "Unakwenda kwenye chuma chako?" na kunifungia mkate. Kama unaona haya kusema mbele ya mtu, mwombe Sista umwone peke yako.

Rosettenville bado nakwenda, kila mwezi mara moja, na machenza yakiwa yamefika sokoni naleta machenza. Daktari alikwisha kuwaeleza wote kwamba simwambukizi mtu, na Nabintu ameelewa, ni mwanamke mwenye akili. Lakini nikibisha hodi yeye hutoka na kiti, akakiweka uani karibu na kamba ya kuanikia, hata kukiwa na baridi ya mwezi wa sita. Huniletea tangawizi pale. Furaha husimama mlangoni, akanipungia mkono.

Mwaka jana Mugisho alisema, "Mama Furaha, umwache aingie, baridi ni kali." Nabintu akakiweka kiti uani, palepale.

Nikamwambia Mugisho aache. Nikakaa, nikanywa tangawizi yangu.